Miezi Saba Kati ya Miaka 31

Kila mwaka ifikapo tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, simu ya baba mkubwa hulia tangu asubuhi. Wajukuu walioko Dar es Salaam, wapwa walioko Dodoma, na jirani ambaye mtoto wake amepewa kazi ya historia shuleni, wote humtafuta kwa jambo moja, nalo ni kusimuliwa Vita vya Kagera. Yeye huwajibu kwa upole, huwatajia Kyaka, Mutukula, Masaka na Lukaya kwa mpangilio uleule, kisha huaga na kurudi kwenye migomba yake. Kwa miaka mingi nami nilikuwa miongoni mwa waulizaji hao, na nilidhani kwamba ufupi wa majibu yake ulitokana na maumivu ya vita. Nilikosea. Alikuwa amechoka kuulizwa miezi saba ya vita na watu ambao hawakuwahi kumuuliza miaka 31 ya utumishi wake jeshini.

Nililigundua hilo mwaka jana nilipopanda Kibosho kukaa naye juma moja wakati wa kupogoa kahawa. Siku ya kwanza, baada ya kazi, nilimwomba anisimulie utumishi wake wote kwa utaratibu, kuanzia siku aliyoingia depo, yaani kambi ya mafunzo ya kuruta, hadi siku aliyokabidhi vifaa vya jeshi, bila kuruka kitu. Alikaa kimya kitambo, kisha akaniuliza, "Una muda?" Nikamjibu kwamba ninao. Masimulizi yalichukua alasiri nne. Vita vilianza katikati ya alasiri ya pili, na kabla ya giza kuingia vilikuwa vimekwisha.

Ili mtu aelewe kwa nini aliingia jeshini, inabidi aelewe kwanza habari ya kihamba, yaani shamba la ukoo. Kwa desturi yetu Wachagga, mtoto wa kwanza wa kiume hukatiwa ardhi na baba yake, na kitinda mimba hurithi nyumba ya wazazi pamoja na migomba inayoizunguka, kwa sababu yeye ndiye anayebaki kuwatunza. Wale wa katikati hujitafutia. Baba mkubwa alikuwa wa tatu kati ya wavulana watano, na baba yangu alikuwa wa mwisho. Nyumba niliyozaliwa mimi, yenye mfereji unaopita nyuma yake na mibuni iliyopandwa na babu, ndiyo aliyoiaga yeye mwaka 1973 akiwa na umri wa miaka 19, kwa kuwa hapakuwa na nafasi yake. Hajawahi kulisema jambo hilo kwa lawama, wala mwaka jana hakulisema hivyo. Mimi ndiye niliyepiga hesabu nikiwa nimekaa barazani kwake, na hesabu hiyo imenikaa moyoni tangu siku ile.

Yeye mwenyewe huanza mbali zaidi. Husema kwamba neno "luteni" alilisikia mara ya kwanza akiwa mtoto wa miaka saba, Desemba 1961, watu wazima walipokuwa wakielezana kwamba Luteni Alexander Nyirenda amepandisha bendera ya Tanganyika na mwenge wa uhuru kwenye kilele cha Kibo, juu ya Mlima Kilimanjaro. Mlima huo ulikuwa juu ya paa la nyumba yao kila asubuhi yenye anga safi, na kwa akili ya mtoto aliamini kwamba luteni ni kazi ya kupanda milima. Alipojiandikisha, jeshi lilikuwa changa bado. Lile lililorithiwa kwa Waingereza lilikuwa limevunjwa baada ya maasi ya Januari 1964, na Jeshi la Wananchi wa Tanzania likaundwa tarehe 1 Septemba mwaka huohuo. Mkuu wa Majeshi alikuwa Mrisho Sarakikya, mtu wa Meru, jirani zetu wa upande wa Arusha, na silaha nyingi alizofundishiwa baba mkubwa zilitoka China.

Nilitazamia kwamba habari za depo zingehusu shabaha na kwata. Yeye alizungumzia miguu. Mkufunzi wao alikuwa akipita kila usiku na tochi, kitanda kwa kitanda, kukagua nyayo na vidole vya kila kuruta. Aliyekutwa na malengelenge bila kutoa taarifa alipewa adhabu, na aliyekutwa na soksi zenye unyevunyevu alipewa adhabu kubwa zaidi. Kuruta hao, ambao wengi wao walikuwa wamekua wakitembea peku kama yeye, waliona ni ukali usio na maana. Baba mkubwa alinieleza kwa kirefu sana, kwa kirefu kuliko alivyoeleza pigano lolote, jinsi ya kukausha nafasi zilizo kati ya vidole, jinsi ya kufunga kamba za buti ili kisigino kisicheze, na jinsi ya kubeba jozi ya pili ya soksi chini ya shati ili zikauke kwa joto la mwili. Wakati huo sikuelewa kwa nini ananieleza yote hayo, lakini nilikuwa nimeahidi kwamba hatutaruka kitu.

Miaka mitano iliyofuata haina kisa, na mimi naona thamani yake ipo hapohapo. Alikaa kusini kandokando ya Mto Ruvuma mpaka Msumbiji ilipopata uhuru wake Juni 1975, akishika lindo usiku baada ya usiku mahali ambapo kwa kawaida hapakutokea jambo lolote. Alijifunza kufungua na kufunga silaha gizani. Alijifunza kuhesabu risasi, blanketi na sufuria, kusaini, na kumkabidhi mwenzake mzigo uleule kwa idadi ileile. Alipandishwa cheo, akawa koplo. Anasema kwamba askari anayesubiri bila kulegea anafanya kazi ngumu kuliko anayepigana, kwa kuwa anayepigana hahitaji kukumbushwa kwa nini yuko macho.

Mwisho wa Oktoba 1978 alikuwa nyumbani kwa likizo. Majeshi ya Idi Amin yalikuwa yameingia Kagera na kuikalia nchi yote iliyo kaskazini ya mto, na mwanzoni mwa Novemba daraja la Kyaka likalipuliwa. Tarehe 2 Novemba, Mwalimu Nyerere alihutubia taifa na kusema maneno ambayo kila Mtanzania wa rika lile anayakumbuka, kwamba uwezo wa kumpiga Amin tunao, sababu tunayo na nia tunayo. Familia nzima ilikuwa imekusanyika kwa jirani aliyekuwa na redio. Baba yangu, ambaye wakati huo alikuwa mwanafunzi wa sekondari, anakumbuka kwamba hotuba ilipokwisha kaka yake hakushangilia pamoja na wengine. Aliingia ndani, akatandaza vitu vyake kitandani na kuanza kuhesabu soksi.

Safari ya kwenda Kagera ilikuwa ndefu na ya taabu. Serikali ilikuwa imechukua malori na mabasi ya mashirika na ya watu binafsi ili kubeba askari na mizigo, na barabara za wakati huo ziliyavunjavunja magari hayo njiani. Jeshi lilipanuka kwa wiki chache tu hadi kupita watu 100,000, kwa kuongezewa polisi, askari magereza, vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) na, zaidi ya wote, mgambo kutoka vijijini. Baba mkubwa alikabidhiwa sekisheni ya watu tisa, na kati yao ni mmoja tu aliyekuwa askari wa kudumu. Wengine walikuwa wakulima na wavuvi. Mmoja alikuwa fundi baiskeli. Walijua kulenga shabaha kwa kiasi chao, lakini hawakuwahi kutembea wiki nzima wakiwa na mzigo mgongoni.

Vita vile vilipiganwa kwa kutembea, na jambo hilo hupotea katika masimulizi mengi. Mizinga na roketi zilitisha, ndiyo, na wanahistoria wana haki ya kuzitaja, lakini askari wa miguu wa Tanzania walivuka Kagera, wakaingia Mutukula Januari 1979, wakafika Masaka mwishoni mwa Februari, na hatimaye Kampala, sehemu kubwa ya njia hiyo wakiikanyaga kwa buti zao, na kuanzia Machi masika yaliwakuta barabarani. Kila jioni, kabla ya chakula, koplo huyu wa Kibosho aliwavua buti watu wake tisa na kuwakagua vidole kwa tochi, mmoja baada ya mwingine. Walimwita jina la utani ambalo alikataa kunitajia. Hakuna hata mmoja wao aliyerudishwa nyuma kwa sababu ya miguu.

Kuhusu aliyoyaona upande wetu wa mpaka, vijiji vilivyochomwa, ng'ombe walioswagwa na kupelekwa Uganda, kiwanda cha sukari kilichoporwa mitambo, alieleza kwa ufupi na kwa macho yaliyotazama chini. Kuhusu Masaka alieleza kwa ufupi zaidi. Majengo mengi ya mji ule yalilipuliwa na majeshi yetu kwa kulipiza kisasi cha Kagera, na nilipomuuliza alionaje, alisema kwamba aliwaona akina mama wakipita na magodoro kichwani kama walivyopita akina mama wa Kyaka. Aliishia hapo, na sikumlazimisha.

Lukaya aliieleza yote. Ni mji mdogo kwenye barabara ya kutoka Masaka kwenda Kampala, na jirani yake barabara hupita katikati ya kinamasi, ambako askari hana pa kugeukia kushoto wala kulia. Jioni ya tarehe 10 Machi 1979, Brigedi ya 201, iliyokuwa na mgambo wengi na ambayo ndiyo yake, ilikutana na safu ya majeshi ya Amin yakiwa pamoja na askari wa Libya waliotumwa na Gaddafi. Roketi zilianza kuvurumishwa. Nyingi zilipita juu ya vichwa vyao, lakini mtu ambaye hajawahi kuusikia mlio ule hawezi kujua kwamba zimepita. Safu ilivunjika, na watu wakakimbilia nyuma na kwenye matete. Giza lilipoingia, kati ya watu wake tisa alikuwa amebaki na wanne.

Usiku huo makamanda walifanya kazi ya kuwakusanya waliotawanyika, huku Brigedi ya 208, iliyokuwa imetangulia kwa njia nyingine, ikiamriwa kugeuka na kumpiga adui ubavuni. Alfajiri ya tarehe 11 ilimpiga, na Brigedi ya 201 ikashambulia kwa mbele. Walibya wapatao 200 walikufa pale, na baada ya siku hiyo jeshi la Amin halikusimama tena kwa uthabiti uleule. Baba mkubwa aliingia katika shambulio hilo la asubuhi akiwa na watu wanane. Wanne walikuwa wamerudi usiku, mmoja mmoja, wakipita kwenye maji yaliyowafika kifuani huku wakiita jina lake kwa sauti ya chini. Wa tisa, yule fundi baiskeli, hakuonekana tena.

Ni hapa aliponyanyua sauti, mara moja tu katika alasiri zote nne. Nilikuwa nimesema, bila kufikiri, kwamba nimewahi kusikia watu wakicheka jinsi mgambo walivyokimbia Lukaya. Aliweka kikombe chini. Aliniambia kwamba mtu ambaye Septemba alikuwa shambani akipalilia, kisha Machi akawekwa chini ya roketi, akakimbia, na usiku huohuo akarudi mwenyewe kwa miguu yake bila kutumwa na mtu, hawezi kuchekwa na mtu aliyekuwa amelala kitandani kwake. "Mimi sikukimbia," alisema, "lakini usidhani nilikuwa na moyo kuwazidi. Nilikuwa na miaka mitano. Mwili wangu ulilala chini na kushika silaha kabla mimi mwenyewe sijajua la kufanya. Wao hawakupewa hiyo miaka mitano."

Nimelifikiria jibu hilo kwa mwaka mzima, na linanifanya nione kwamba tumekuwa tukiheshimu sehemu moja ya maisha yake na kuiacha ile iliyoizaa. Tunawapigia makofi askari kwa saa zile chache za Lukaya. Kilichomkalisha pale barabarani kilitengenezwa Ruvuma, katika usiku ambao hapakutokea lolote, na depo, chini ya tochi ya mkufunzi aliyechukiwa na kila kuruta.

Majuma mawili baada ya Lukaya, kuanzia tarehe 24 hadi 26 Machi, Waganda waliokuwa uhamishoni walikutana hapa kwetu Moshi, wakaunda chama chao cha umoja wa ukombozi na kumchagua Yusuf Lule kuwa kiongozi wao. Baba yangu anakumbuka wageni wenye suti na Kiswahili cha lafudhi ngeni waliokuwa wakipita mjini. Hivyo serikali ambayo kaka yake alikuwa akiifungulia njia ilipangwa mjini kwao, chini ya mlima wao, na yeye hakulijua hilo hadi miezi mingi baadaye. Serikali ya Lule ilidumu siku 68.

Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili, kikosi chake kilikuwa nje ya mji kikizuia barabara, kwa hiyo habari za ushindi alizipata kwa redio kama watu wengine. Mapigano yaliendelea kaskazini hadi mwanzoni mwa Juni, majeshi yalipofika mpaka wa Sudan. Yeye alibaki Uganda hadi mwaka 1980, kisha akarudi katika nchi iliyokuwa imeambiwa ifunge mkanda kwa miezi 18 na ambayo mkanda wake haukulegea kwa miaka mingi zaidi ya hiyo. Mpaka wa Kenya ulikuwa umefungwa tangu Februari 1977, na watu wa Moshi na Arusha, waliozoea kupitia Holili na Namanga kwa kila kitu, walipanga foleni kutwa nzima kwa kipande cha sabuni. Bibi alimpokea kwa kipande cha sabuni alichokuwa amekificha kwa ajili yake tangu alipoondoka.

Alasiri ya tatu nzima ilihusu vita ambavyo sijawahi kumsikia mtu akimuuliza. Mwaka 1987 alipelekwa Msumbiji, katika jimbo la Zambezia, ambako Tanzania ilikuwa imetuma askari kuisaidia serikali ya chama cha FRELIMO dhidi ya waasi wa RENAMO. Walikaa huko hadi mwishoni mwa mwaka 1988. Hapakuwa na hotuba ya kukumbukwa na kila mtu, wala mstari wa mbele wa kuoneshwa kwenye ramani. Palikuwa na barabara za kulinda, miji midogo yenye wakimbizi wenye njaa, na malaria, ambayo anasema iliwaangusha wenzake kuliko risasi. Wakati huo alikuwa sajenti, na anakumbuka kwa majina askari vijana wawili waliokufa mikononi mwake kwa homa. Nilimuuliza kwa nini hakuwahi kutusimulia hayo. Alijibu kwamba hatukuuliza, nami nilikosa la kusema.

Mkuu wa Majeshi kwa sehemu ya kipindi hicho alikuwa Jenerali David Musuguri, ambaye ndiye aliyeongoza Divisheni ya 20 kuelekea Kampala. Baba mkubwa humtaja kwa heshima ya pekee, na sababu anayoitoa si Kampala. Musuguri aliingia jeshi la Waingereza la King's African Rifles mwaka 1942 kama askari wa kawaida, akapitia Vita Kuu ya Pili, akapanda ngazi moja baada ya nyingine, na kustaafu mwaka 1988. Alifariki Oktoba 2024 akiwa na umri wa miaka 104. Siku ya habari hizo baba mkubwa alivaa koti na tai, akakaa barazani na redio mpaka taarifa ya usiku ilipokwisha. Watu waliopita njiani walidhani anangoja mgeni.

Miaka ambayo yeye mwenyewe huiona kuwa bora kuliko yote aliitumikia Monduli, nje ya Arusha, katika chuo cha maofisa, ambako alikuwa mkufunzi kuanzia mwaka 1991 hadi 1999. Kule upepo wa Juni hupenya hata koti zito, na saa kumi na moja alfajiri alikuwa uwanjani akiwangoja vijana wenye elimu kubwa kuliko yake. Aliwafundisha kwata na silaha kwa mwaka mzima, akiwakemea, akiwarudisha mwanzo, akiwakagua kucha na buti. Kisha hufika siku ya kamisheni, Rais huja, vijana huvishwa nyota, na kuanzia dakika hiyo mkufunzi humpigia saluti aliyekuwa mwanafunzi wake. Nilitaka kujua kama hilo halikumuumiza. Alishangaa swali. Alisema kwamba saluti ya kwanza kwa kila ofisa aliyemfundisha aliipiga kwa nguvu zake zote, ili yule kijana ajue amekabidhiwa nini.

Alistaafu mwaka 2004 akiwa Afisa Mteule Daraja la Kwanza, akiwa na umri wa miaka 50. Siku ya kukabidhi vifaa alikutwa na upungufu wa chupa moja ya maji, akailipia. Kiinua mgongo chake kilimzungusha miezi mingi kwenye madirisha ya ofisi fulani, na kilipotoka alinunua kipande kidogo cha ardhi kutoka kwa jirani, hatua mia tatu hivi kutoka kwenye kihamba ambacho hakurithi. Hapo ndipo alipopanda mibuni tuliyokuwa tukiipogoa. Ameipanda kwa safu, na nafasi kati ya mti na mti ni ileile kutoka mwisho huu hadi mwisho ule.

Mwaka huu binti yangu alimaliza kidato cha sita na kuitwa JKT kwa mujibu wa sheria. Kabla hajaondoka nilimpandisha Kibosho kumuaga babu yake. Mzee hakumpa wosia. Alimkalisha kwenye kigoda, akamvua viatu, akamwonesha kwa mikono yake mwenyewe jinsi ya kukausha kati ya vidole na mahali pa kubana kamba, kisha akamkabidhi jozi sita za soksi za pamba alizokuwa ametelemka mjini kuzinunua. Binti alisaini kwenye daftari la shule, kwamba amepokea jozi sita.

Wiki ya pili kambini aliruhusiwa kupiga simu. Alinipigia mimi, nikamwambia ampigie kwanza babu yake, na baadaye akanisimulia mazungumzo yao yalivyokuwa.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Miguu?"

"Mizima, babu."

"Soksi?"

"Zote sita."

"Haya. Mpigie baba yako."